Jinsi ya Kuotesha Boganvilia Katika Nchi Kavu

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kagongwa)

Katika muhula huu napenda kuwaeleza habari za mmea ambao wengi wetu twapita mbele yake kila siku bila ya kuuangalia. Mmea huo ni boganvilia, ua la miiba lenye rangi ya zambarau, nyekundu, njano au nyeupe, ambalo huonekana penye malango ya nyumba na ofisi. Siandiki kwa kuwa mimi ni bingwa wa maua. Naandika kwa sababu nalikosea sana nilipoanza, na kosa langu karibu litugharimu kitu kikubwa kuliko ua. Aliyekwisha anguka shimoni yafaa awaonyeshe wenzake shimo lilipo.

1. NCHI YETU ILIVYO

Kagongwa iko katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, juu ya njia kuu itokayo Isaka kwenda Kahama. Mvua zetu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei. Kwa mwaka mzima mkoa wetu hupata kiasi cha milimita 600 hadi 1,000 hivi, tena si sawasawa kila mwaka. Kuanzia Juni hata mvua zirudi, nchi ni kavu, na upepo huchukua vumbi na kuliingiza hata ndani ya vyungu.

Maji ya Ziwa Victoria yaliletwa kwa mabomba hata Kahama na Shinyanga mwaka 2009, na ilikuwa neema kubwa. Lakini si kila nyumba ina bomba lake. Kwetu sisi maji huja juu ya baiskeli katika madumu ya lita 20, na kila dumu lina bei. Kwa hiyo mtu atakaye kupanda maua hapa hapana budi ajiulize kwanza: Je, ua langu litakunywa maji ya nani?

2. YALIYONIPATA

Mwezi wa Novemba, nikiwa Kidato cha Kwanza, jirani alinipa matawi ya boganvilia. Nilikata vipandikizi 12, nikavichomeka ardhini mbele ya nyumba, nikawa navimwagilia asubuhi na jioni, hata siku za mvua. Nalidhani kwamba wingi wa maji ni wingi wa mapenzi. Tisa vilioza chini vikawa laini kama ndizi mbivu. Vitatu vikaota, na mwezi wa Februari nikavihamishia mahali pake.

Kiangazi kilipofika nilizidi. Kila jioni nilitoa ndoo moja na nusu, yaani lita 30, nikavigawia lita 10 kila kimoja. Mama alinionya mara mbili, akasema, "Mwanangu, maji hayo ni ya kunywa na kupikia." Nikajibu, "Ndiyo, mama," kisha nikaendelea kwa siri. Kufika mwezi wa Agosti mimea yangu ilifika kifuani, majani mabichi tele, lakini hapakuwa na ua hata moja.

Basi kando ya ua wetu palikuwa na wigo wa minyaa. Wengi mnaujua mti huu, maana katika Usukuma nyua nyingi na mazizi yamezungushiwa minyaa tangu zamani. Jioni moja mdogo wangu, mwenye umri wa miaka sita, alivunja kijiti cha mnyaa katika mchezo, na maziwa yake yakamrukia jichoni. Akapiga kelele. Mama akamshika, akaniambia nilete maji upesi. Nikakimbilia ndoo. Ndani yake mlikuwa na maji ya kujaza bakuli moja tu, kwa kuwa muda si mrefu nilikuwa nimemaliza kumwagilia maua yangu.

Jirani alisikia kilio akaja na dumu zima. Tukamwosha mtoto jicho kwa maji safi kwa muda mrefu, kisha baba akamchukua kituo cha afya. Siku kadha wa kadha hakuweza kutazama mwanga, naye alilia usiku. Namshukuru Mungu, leo anaona vizuri. Lakini mimi sikusahau ile sauti ya kopo likigonga chini ya ndoo tupu.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyenikataza kumwagilia. Niliacha mwenyewe, kwa aibu. Nikayaambia maua yangu moyoni, "Kama ni kufa, kufeni." Wiki ya tatu majani yalianza kunyong'onyea, mengine yakapukutika. Wiki ya sita, mwisho wa Septemba, vumbi likiwa limetanda kila mahali, nilitoka asubuhi kwenda shule nikaona ncha za matawi zimekuwa zambarau. Kabla mvua hazijanyesha, mti wote ulikuwa umechanua. Nilistaajabu sana, nikaenda kumwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia. Hayo yafuatayo ni yale aliyonifundisha, pamoja na yale niliyosoma na kuyajaribu kwa mikono yangu.

3. MMEA WENYEWE

Asili ya boganvilia ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama vile Brazili, Bolivia, Peru na Argentina. Jina lake latokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kwa merikebu kati ya 1766 na 1769. Katika safari hiyo alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, ambaye aliuona mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyesafiri amevaa nguo za kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa melini. Yeye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Wasichana wa shule yetu na walikumbuke jina hilo kila waionapo boganvilia.

Sasa chuma shada moja uliangalie kwa makini. Vile vitu vitatu vyembamba kama karatasi, vyenye rangi, si ua. Hayo ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo cheupe au cha njano kilichoshikamana na mshipa wa katikati wa kila jani la rangi. Kwa hiyo mara nyingi kila shada lina majani matatu ya rangi na maua matatu madogo. Majani hayo huita wadudu na ndege, na kwa kuwa ni makavu kama karatasi, hudumu muda mrefu bila kunyauka. Rangi yake ni ya jamaa moja na ile ya mchicha mwekundu, kwa maana boganvilia na mchicha ni mimea ya ukoo mmoja wa mbali.

4. KWA NINI HUCHANUA PENYE KIU

Penye kwapa la kila jani la boganvilia hutoka kichipukizi. Kichipukizi hicho chaweza kuwa mwiba, au chaweza kuwa shada la maua. Mwiba na ua ni ndugu waliozaliwa mahali pamoja, na hali ya mmea ndiyo huamua yupi atakua.

Mmea ukipata maji mengi, mbolea nyingi na kivuli, hutumia chakula chake kurefusha matawi na kuzidisha majani. Hapo twapata miiba mingi na maua machache. Maji yakipungua na jua likiwa kali, matawi huacha kurefuka, chakula kilichotengenezwa na majani hubaki mmeani, na vichipukizi hugeuka maua. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, ufupi wa mchana pia huufanya mmea uchanue. Lakini sisi tuko kiasi cha digrii 4 tu kusini ya ikweta, na mchana wetu haubadiliki sana. Kwetu kiangazi ndicho kengele yake.

Nilipomweleza babu haya, hakushangaa. Alisema, "Hata ng'ombe huponea nyasi zilizopumzika." Alikuwa akifikiri juu ya ngitili, yaani sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua ili nyasi zipate kustawi, kisha huifungua wakati wa kiangazi. Ninyi mmekwisha soma kwamba miti mingi ya Shinyanga ilikatwa zamani kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kulima pamba na kupata kuni, hata nchi ikawa karibu ya jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulipoanza mwaka 1986 uliirudisha desturi ya ngitili, na maelfu ya hekta yakafunikwa tena na miti na nyasi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta. Mkulima wa nchi kavu yampasa ajue wakati wa kutoa na wakati wa kuacha.

5. KWA NINI NALICHAGUA BOGANVILIA

Baba alitaka kung'oa minyaa yote. Babu alikataa, akasema kwamba mti huo haukumwomba mtu maji tangu yeye alipokuwa kijana, wala ng'ombe hawauli, na ndio unaoonyesha mpaka wetu. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Tukapatana hivi: minyaa ibaki upande wa zizi, na upande wa ua, ambako watoto hucheza, tupande wigo mwingine. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Nilitafuta mmea uvumiliao ukame. Oleanda huvumilia, lakini kila sehemu yake ina sumu. Waridi la jangwani, ambalo humea lenyewe katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, huvumilia zaidi, lakini utomvu wake ulikuwa ukipakwa mishale ya kuwindia wanyama. Sikutaka kuondoa sumu moja na kuleta nyingine. Boganvilia haina maziwa ya kuumiza macho. Ina miiba, na mwiba huonekana. Hata hivyo utomvu wake huwawasha ngozi baadhi ya watu, basi na unawe mikono baada ya kazi.

6. KUOTESHA VIPANDIKIZI

Novemba iliyofuata nilikata vipandikizi 20 kwa njia ifuatayo, na 14 viliota.

(a) Chagua tawi lililokomaa nusu, lisilo jororo wala lisilo kuukuu sana, unene wake kama penseli au kuzidi kidogo.

(b) Kata vipande vya urefu wa sentimita 15 hadi 20 kwa kisu kikali. Ncha ya chini ikate mshazari, ya juu ikate sawa, ili usije ukakipanda kichwa chini.

(c) Ondoa majani yote, au bakiza mawili madogo juu.

(d) Changanya mchanga sehemu mbili na udongo mzuri sehemu moja. Usitie samadi. Jaza katika makopo yaliyotobolewa chini ili maji yapite.

(e) Zika theluthi mbili za kipandikizi, ushindilie kwa vidole, umwagilie mara moja vizuri. Weka makopo kivulini.

(f) Maji yafuatayo toa pale tu udongo wa juu unapokauka. Tia kidole, ukiona ubichi, ondoka.

(g) Usikivute kipandikizi kutazama kama kimeota. Mizizi ya boganvilia ni myembamba na hukatika upesi. Nalipoteza viwili kwa pupa hiyo. Ngoja wiki sita hadi kumi, hata uone machipukizi yenye nguvu.

7. KUPANDA BUSTANINI

Panda wakati wa mvua, mahali penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Wigo wetu niliupanda mwezi wa Januari, nikiacha mita moja kati ya mche na mche. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi kuukuu iliyokwisha oza, kisha rudisha.

Hapa kila mtu na autazame udongo wake. Kwenye luseni, ule udongo wetu wa kichanga, maji hupita upesi na boganvilia hufurahi. Kwenye mbuga, ule mweusi upasukao wakati wa jua na kunata wakati wa mvua, usipande shimoni kabisa. Tengeneza tuta la urefu wa sentimita 30 hivi, upande juu yake, la sivyo mizizi itaoza kwa kusimamiwa na maji.

Wakati wa kuhamisha, pasua kopo, utoe mche pamoja na udongo wake wote. Kisha funika ardhi kwa maganda ya mpunga. Kagongwa tuna mashine nyingi za kukoboa mpunga, na maganda yake huwa milima. Tandaza unene wa vidole vinne juu ya ardhi, usiyachanganye na udongo, na acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili mchwa wasilifikie.

8. MAJI

Hapa ndipo palipo moyo wa somo langu. Mche mchanga haujui bado kujitafutia maji. Kiangazi cha kwanza hapana budi usaidiwe, lakini kwa kiasi. Mimi nimeipa kila mche lita 10 mara moja kila wiki mbili, zikishuka taratibu hata zizame chini. Maji ya juu juu kila siku hufanya mizizi ibaki juu ya ardhi, ambako jua huiunguza. Maji mengi kwa nadra huivuta mizizi iende chini.

Tazameni hesabu hii. Mimea yangu mitatu ya kwanza ilikunywa lita 30 kwa siku, yaani lita 420 kwa wiki mbili. Wigo wa miche 14 hunywa lita 140 kwa muda huo huo. Miche ni karibu mara tano ya ile ya kwanza, na maji ni theluthi moja tu. Tena nyingi za lita hizo si maji ya kununua. Ni maji ya kusuuzia nguo na vyombo, ambayo hayana sabuni nyingi wala chumvi. Maji ya kunywa siyagusi. Kuanzia kiangazi cha pili, mmea ulioshika ardhi waweza kuachwa ujitegemee.

9. KUPOGOLEA NA MAADUI

Maua hutokea juu ya machipukizi mapya. Kwa hiyo maua yakiisha, kata ncha za matawi kiasi cha theluthi moja, uelekeze matawi marefu yasukwe katika wigo. Vaa kitambaa kizito mikononi. Matawi yaliyokatwa usiyatupe njiani, maana miiba yake hutoboa hata kandambili.

Adui mkubwa ni mbuzi. Watu husema mbuzi huogopa miiba, lakini mche mchanga una miiba laini, na mbuzi huumaliza kwa dakika moja. Zungushia matawi makavu ya miti ya miiba kwa mwaka wa kwanza. Adui wa pili ni mbolea nyingi ya chumvichumvi, kwa kuwa huleta majani bila maua. Adui wa tatu ni mwenye bustani asiyeweza kutulia.

10. MWISHO

Leo ninapoandika haya ni mwezi wa Septemba. Kati ya miche 14, mbuzi alikula mmoja, 13 imesimama, na minne imekwisha kuchanua. Bado si wigo wa kuzuia mtu, lakini vumbi la njiani limeanza kupungua uani, na mdogo wangu hucheza hapo bila mama kumwita kila mara. Babu hupita jioni akiitazama. Juzi aliniuliza kama naweza kumtilia mmoja karibu na minyaa yake. Nikamjibu, "Naam, babu, ila usiumwagilie."

Enyi wenzangu, yafaa tupande maua. Nyumba ya nchi kavu si lazima iwe ya rangi ya vumbi. Lakini kabla ya kuchukua kopo lako jioni, fungua kwanza ndoo utazame ndani. Ikiwa mna maji ya kutosha ya kumwoshea mtoto jicho, basi toa kidogo. Ikiwa hamna, ua na lingoje. Boganvilia haitakulaumu, bali huenda ikachanua.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

1. Chuma shada la boganvilia, uchore, na uonyeshe lipi ni ua na lipi ni jani la rangi.

2. Panda vipandikizi vinne. Viwili vimwagilie kila siku, viwili pale tu udongo ukaukapo. Andika hesabu yake baada ya wiki nane.

3. Pima maji yanayotumika nyumbani kwenu kwa siku moja. Ni lita ngapi zaweza kutumika mara ya pili?

4. Mtu akirukiwa na maziwa ya mnyaa jichoni, utafanya nini kwanza, na kisha utampeleka wapi?